Njia Hii Hatujaipita: Kumtumaini Mungu Tunapovuka Mwaka

Maandiko ya kusoma: Yoshua 3, Yoshua 4:1–9 na 19–24, Yoshua 5:10–12, Yakobo 4:13–15

Kusudi la somo: Kumsaidia mwamini kuingia mwaka mpya akimfuata Mungu siku kwa siku, hata kama hajui mwaka wenyewe umebeba nini.



Wiki hii tunafunga mwaka. Usiku wa tarehe 31 Disemba, kutoka Kondele hadi Nyalenda, kutoka Manyatta hadi Dunga, taa za makanisa zitakuwa zinawaka, na ikifika saa sita mji huu wa Kisumu utapiga shangwe moja. Nami nitakuwa hapo pamoja nanyi. Napenda kesha. Lakini kila mwaka, siku chache baada ya kesha, kuna swali ambalo huletwa kwangu, na watu huliuliza kwa sauti ya chini: "Mchungaji, mwaka jana tulivuka tukishangilia, tukaambiwa huu ni mwaka wetu. Mbona ulienda vile ulienda?"

Anayeuliza hivyo si mwasi. Mara nyingi ni mtu ambaye alifunga, akaomba, akatoa sadaka yake, halafu katikati ya mwaka akazika mtu wake, ama akapoteza kazi, ama ugonjwa ukaingia nyumbani ukakataa kutoka. Swali lake linastahili jibu kutoka kwenye Neno. Kumwambia tu aongeze imani ni kumfukuza kwa upole. Kwa hiyo wiki hii nimeamua kulijibu hapa, mbele ya kanisa lote, kabla hatujavuka.

MAKESHA MAWILI

Wacha tuanze na jambo ambalo sote tuliliona kwa macho yetu.

Kumbukeni usiku wa 31 Disemba 2019. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha tangu Oktoba kupita kiasi. Makanisa mengi, hapa kwetu na kwingineko, yalikuwa yameuita 2020 mwaka wa kuona mbali, kwa sababu ya namba yenyewe: ishirini na ishirini, kama vile daktari wa macho anavyoandika kwa mtu asiyehitaji miwani. Tukaingia kwa vigelegele.

Tarehe 13 Machi serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku mbili baadaye shule zikaagizwa kufungwa. Kabla mwezi haujaisha milango ya makanisa ilikuwa imefungwa na kafyu ya usiku imeanza. Wakati huo huo, hapa kando ya ziwa, maji yalikuwa yanapanda kila wiki. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika kimo ambacho halikuwahi kufika tangu watu walipoanza kulipima zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lilipita hata kile kimo cha 1964 ambacho wazee wetu walikuwa wanatusimulia. Mto Nzoia ukapasua kingo zake kule Budalang'i. Nyando na Nyakach watu wakahama na mbuzi na magodoro kichwani. Kule bichi, vibanda vya samaki, vyoo, mashamba ya mboga, vyote vikaingia ndani ya ziwa. Sisi tuliouita mwaka wa kuona mbali, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona hayo.

Sasa kumbukeni 31 Disemba 2020. Wakati huo kafyu ilikuwa inaanza saa nne ya usiku hadi saa kumi alfajiri. Hakukuwa na kesha. Hakuna keyboard, hakuna ngoma, hakuna maandamano ya kuzunguka kanisa. Kila mtu alikuwa kwake. Wengine waliomba na watoto sebuleni kwa sauti ya chini, wengine walisikiliza redio, wengine walilala saa tatu kwa uchovu. Ilipofika saa sita, nje palikuwa kimya, ukisikia vyura peke yao.

Na 2021 ukaingia. Tarehe 4 Januari watoto wakarudi shuleni. Tukaamka tukiwa hai, tukiwa wa Bwana. Shangwe yetu haikuwa imeukinga 2020, na ukimya wetu haukuuzuia 2021.

Sisemi hayo ili mtu adharau kesha. Nasema ili tujue uzito uko wapi. Kuna dada mmoja wa kanisa hili, muuza omena, ambaye katika kesha la 2019 alikuwa ameandika ombi moja kwenye karatasi: nyumba ya matofali. Mwezi wa Mei maji yaliingia kwenye ile nyumba ya mabati aliyokuwa nayo. Akahamia kwa jamaa, watu tisa chumba kimoja. Siku moja tulipompelekea unga nikamuuliza anaombaje siku hizi. Akaniambia, "Siku hizi siombi mwaka. Naomba kesho. Na kesho ikifika, namkuta Mungu alishafika."

Neno hilo lilinirudisha kwenye kitabu cha Yoshua, na huko ndiko nataka twende pamoja.

JAMBO LA KWANZA: MUNGU ALIWAAMBIA WAZI KWAMBA NJIA HAWAIJUI

Fungueni Yoshua 3. Israeli wamefika ukingoni mwa Yordani. Nyuma yao kuna miaka 40 ya jangwa. Mbele yao kuna mto, na ng'ambo ya mto kuna miji yenye kuta. Ukisoma mstari wa 3 na wa 4 utaona maagizo yaliyotolewa na wasimamizi wa kambi. Wakiliona Sanduku la Agano limebebwa na makuhani, waondoke walifuate. Lakini wasilikaribie. Waache nafasi ya kama dhiraa elfu mbili, yaani karibu kilomita moja. Na sababu inatolewa hapo hapo: wapate kuijua njia ya kuiendea, kwa maana hawajawahi kuipita.

Hebu tazameni jambo hilo vizuri. Siku ya kuvuka, Mungu hakuwapa ramani ya Kanaani. Hakuwaambia Yeriko itaanguka siku gani, wala kwamba huko Ai watashindwa mara ya kwanza. Aliwaambia ukweli mmoja, kwamba njia hii ni ngeni kwao. Kisha akawapa kitu cha kutazama.

Na ile kilomita moja ina maana gani? Fikiria umati ule ungelibana Sanduku. Wangeliona wale walio mbele tu. Wa nyuma wangetazama migongo ya wenzao. Nafasi ile iliachwa ili kila mtu, mama aliyebeba mtoto, mzee mwenye fimbo, kijana wa mwisho kabisa anayeswaga kondoo, aweze kuliona Sanduku kwa macho yake mwenyewe. Mungu hakutaka mtu yeyote avuke kwa kutazama mgongo wa mwingine.

Mpendwa, ukivuka mwaka kwa kutazama mgongo wa mchungaji wako, utaanguka siku mchungaji atakapoanguka. Ukivuka kwa kutazama ushuhuda wa jirani aliyenunua gari, utamwonea Mungu uchungu kwa sababu wewe bado unapanda matatu. Macho yako yaweke kwa Bwana mwenyewe, katika Neno lake na katika maombi yako ya kila siku.

Wavuvi wa omena wanalielewa hili kuliko sisi wa nchi kavu. Wao hutoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, na taa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana za sola. Taa ile haimwonyeshi mvuvi Rusinga iko wapi. Inaangaza maji yaliyo karibu na mashua, basi. Lakini kwa mwanga huo mdogo omena hukusanyika, na asubuhi watoto wanakula. Zaburi ya 119 inapolisema Neno la Mungu kuwa taa, inasema ni la miguuni. Mguu unahitaji kuona hatua moja.

JAMBO LA PILI: MTO ULIKUWA UMEJAA, NA MAJI YALIZUIWA MBALI

Yoshua 3:15 inatupa habari ambayo ni rahisi kuipita. Yordani hufurika kingo zake zote wakati wa mavuno. Na wakati huo ndio Mungu aliochagua. Angeweza kuwaleta miezi michache mbele, mto ukiwa mwembamba, wavuke maji yakiwa kwenye magoti. Hakufanya hivyo.

Sisi tuliokaa kando ya maji tunajua mto uliofurika unafananaje. Si maji safi ya kwenye picha. Ni maji ya rangi ya chai, yanabeba magogo, na huoni chini. Makuhani waliambiwa wakanyage hapo. Na mto haukukauka kwanza ndipo wakanyage. Nyayo zao zililowa kwanza, ndipo maji yakasimama.

Lakini yalisimama wapi? Someni mstari wa 16. Yalisimama mbali sana, huko Adamu, mji ulio karibu na Sarethani. Umati uliokuwa ukingoni karibu na Yeriko haukuona mahali kazi ilipofanyika. Wao waliona tu maji yanapungua mbele yao.

Hapa wacha niseme na watu wa Kano. Ninyi mnajua kwamba unaweza kuwa Ahero, jua linawaka, mbingu haina wingu, na Nyando ikafurika jioni. Kwa nini? Kwa sababu mvua ilinyesha juu, Nandi na Kericho, mahali ambapo hukuona wala hukusikia radi yake. Shida yetu huwa inaandaliwa juu kabla haijatufikia chini. Hilo tumelizoea. Tumelizoea mno, mpaka tukaamini kwamba kutoka juu huja mafuriko peke yake.

Yoshua 3 inatuambia Mungu naye yuko huko juu. Kabla Israeli hawajalowa nyayo, mkono wake ulikuwa unafanya kazi Adamu. Msaada wako wa mwezi wa tano, yule mtu atakayekuunganisha na kazi, yule daktari atakayeuona ugonjwa mapema, ile nguvu ya kusamehe ambayo leo huna, Mungu anaweza kuwa anavishughulikia sasa mahali ambapo wewe huoni. Kumtumaini ni kukubali kwamba anafanya kazi nje ya upeo wa macho yangu.

Lakini pia tuwe wakweli. Kukanyaga majini si kuruka majini kwa ujinga. Makuhani walikanyaga kwa sababu Mungu alikuwa amesema. Mwaka 2020 wale waliosikia onyo wakahama mapema waliokoa watoto wao, na hakuna aliyekosa imani kwa kuhama. Mvua kubwa zilirudi tena Aprili na Mei 2024, na zitarudi. Ukiambiwa eneo lako litafurika, hamisha familia yako kwanza, kisha uje tushukuru pamoja. Imani na busara si maadui.

JAMBO LA TATU: WALIVUKA WAKIWA NA MAWE, NA WAKIWA NA MATANGA

Baada ya kuvuka, Mungu aliagiza watu kumi na wawili, mmoja wa kila kabila, waokote mawe. Na mawe hayo hayakuokotwa ufuoni, mahali pakavu. Yalitoka katikati ya mto, pale pale miguu ya makuhani iliposimama. Yakapelekwa Gilgali, yakasimamishwa, ili siku moja mtoto akiuliza, mzazi awe na la kusema.

Katikati ya mto ndipo mahali pa hatari zaidi. Jiwe la ushuhuda linatoka huko. Kwa hiyo unapohesabu baraka za mwaka huu, usihesabu ufuoni peke yake. Usiseme tu "nilipata kazi, mtoto alipita mtihani." Rudi katikati. Kumbuka ile wiki ambayo hukujua mtakula nini, na mkala. Kumbuka usiku ule wa hospitali, na nani alikuja kukaa nawe. Okota jiwe hapo.

Na kwa wale ambao mwaka huu umewachukulia mtu, nina neno. Israeli hawakuvuka Yordani wakiwa kamili. Ukisoma mwisho wa Kumbukumbu la Torati, walikuwa wamemlilia Musa siku 30 katika nchi tambarare za Moabu. Miriamu alizikwa jangwani. Haruni alizikwa mlimani. Kizazi kizima cha wazazi wao kilibaki nyuma. Kila familia iliyoshuka mtoni siku ile ilikuwa na kaburi upande wa pili. Na Mungu hakuwaambia waache kulia ndipo wavuke. Aliwapa siku zao za kulia, kisha akamwambia Yoshua ainuke.

Kwa hiyo, wewe mjane, wewe uliyezika mtoto, ukija kwenye kesha huna haja ya kujilazimisha kuruka. Keti. Lia kama unataka kulia. Sisi tutaimba kwa ajili yako. Nawe utavuka pamoja nasi, kwa sababu Sanduku lilisimama katikati ya Yordani mpaka watu wote wakaisha kuvuka, hata wale waliokwenda polepole. Hilo limeandikwa katika 3:17.

JAMBO LA NNE: MANA ILIKOMA

Hapa ndipo nataka tukae zaidi, kwa sababu hapa ndipo Januari yetu ilipo.

Yoshua 4:19 inasema walitoka Yordani siku ya kumi ya mwezi wa kwanza, kwa kalenda yao, ambao kwetu huangukia kama Machi ama Aprili. Siku ya kumi na nne wakala Pasaka. Siku iliyofuata wakala mazao ya nchi, mikate isiyotiwa chachu na bisi. Na kesho yake, mana ikakoma. Haikurudi tena.

Wapendwa, haikuwa imepita hata wiki moja tangu wavuke. Miaka 40 chakula kilianguka chenyewe asubuhi, bila kulima, bila kupalilia. Wakavuka kwa muujiza mkubwa, na siku chache tu baada ya muujiza mkate wa mbinguni ulikatika. Nadhani kuna mtu siku ile alitoka hemani na kikapu, akatazama chini, akasema, "Mungu ametuacha."

Mungu hakuwa amewaacha. Alibadilisha tu njia ya kuwalisha. Yule aliyewalisha kwa umande sasa atawalisha kwa udongo, kwa mvua, kwa jasho lao. Mana ilikuwa neema. Jembe nalo ni neema. Na mara nyingi sisi tunaoomba mwaka wa miujiza huwa tunaomba mana iongezeke, wakati Mungu ameshatuweka shambani.

Ndiyo maana Januari inatuuma. Tunavuka tukiwa na jina la mwaka, halafu tarehe mbili karo inaulizwa, sare haijanunuliwa, kodi ya nyumba imefika. Vijana wanaiita Njaanuari, na hawatanii sana. Hapo ndipo adui humjia mtu na njia tatu za mkato, na nataka niziseme kwa majina.

Ya kwanza ni deni la haraka. Mtu anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, anaacha kitambulisho na kadi ya benki, anachukua elfu kumi, na kufikia Pasaka riba imekula kila kitu. Kabla hujafanya hivyo, zungumza na shule uombe kulipa kidogo kidogo. Zungumza na chama chenu. Zungumza na mashemasi. Aibu ya kusema "sina" ni ya siku moja. Ile riba itakaa nawe mwaka mzima.

Ya pili ni kamari ya simu. Vijana wetu, na wazee wengine pia, wanaweka pesa ya unga kwenye mechi za Uingereza wakisema wanaomba upenyo. Huo si upenyo. Mungu hajawahi kumlisha mtoto wako kwa hasara ya mtoto wa mwingine.

Ya tatu inatuhusu sisi wa madhabahu. Mtu anaambiwa apande mbegu ya pesa, hata akope, ili mwaka ufunguke. Mimi naamini katika kutoa, na nimefundisha kutoa hapa. Lakini sadaka ni ibada ya mtu anayeshukuru kwa kile alicho nacho. Wakati wa kuvuka Yordani hakuna mtu aliyeulizwa ada. Sanduku lilisimama mtoni kwa ajili ya wote, mwenye ng'ombe na asiye na kuku. Mtu akikuambia ukope ndipo Mungu akufungulie mwaka, usikope. Nenda kalipe karo.

Basi tufanye nini mana ikikoma? Tufanye walichofanya. Walikula mazao ya nchi waliyokuwa nayo mbele yao. Una gorogoro moja ya omena? Anza na hiyo. Una cherehani? Sare za shule zinahitaji kushonwa mwezi huu huu. Una robo eka huko nyumbani? Mvua ya masika haiko mbali, tayarisha shamba sasa. Na ukiwa na kidogo zaidi ya jirani yako, gawa. Mana haikuwekwa akiba, ilioza. Lakini mavuno ya shamba yanaweza kugawanywa, na Mungu huwalisha wengi kwa mkono wa mmoja.

JAMBO LA TANO: MUNGU AKIPENDA

Mtu atauliza, "Mchungaji, kwa hivyo tusipange? Tusiandike maombi yetu kwenye karatasi?"

Pangeni. Andikeni. Soma Yakobo 4:13–15. Hapo kuna wafanyabiashara wanaosema leo ama kesho wataenda mji fulani, wakae mwaka mzima, wafanye biashara, wapate faida. Yakobo hawakemei kwa kufanya biashara. Anawakemea kwa kusema kana kwamba mwaka ni mali yao. Anawakumbusha kwamba maisha yao ni kama mvuke, unaonekana kidogo kisha unatoweka. Kuna asubuhi ambazo hapa kwetu ukungu hulala juu ya ziwa, na jua likipanda kidogo haupo. Kisha anawafundisha namna ya kusema: Bwana akipenda tutaishi, na tutafanya hili au lile.

"Mungu akipenda" tumelizoea mpaka limekuwa neno la kumalizia simu. Lirudishieni uzito wake. Ukiliandika juu ya karatasi yako ya maombi, unamwambia Mungu mambo mawili: kwamba umefanya kazi ya kufikiri na kupanga, na kwamba yeye ana ruhusa ya kubadilisha. Yule dada niliyemtaja bado anaiombea nyumba ya matofali. Ameanza msingi, kwenye kipande kilicho juu kidogo, mbali na maji. Anaongeza mawe akipata. Hakuacha kuomba. Aliacha tu kumpangia Mungu tarehe.

Hili ndilo jibu langu kwa lile swali la sauti ya chini. Mwaka uliopita haukwenda vile kwa sababu imani yako ilikuwa ndogo, na Mungu hakukudanganya. Mungu hakuahidi kwamba mto utakuwa mwembamba. Alitangulia mbele yako, akasimama katikati mpaka ukavuka, na leo unasoma somo hili ukiwa upande huu. Aliyesimama mtoni mwaka huu ndiye atakayetangulia mwaka ujao.

YA KUFANYA WIKI HII

1. Kabla ya kesha, kaa na watu wa nyumbani kwako. Kila mmoja, hata mtoto, ataje jiwe moja kutoka katikati ya mto wa mwaka huu. Andikeni, mtunze.

2. Andika mipango yako ya mwaka, na juu yake uandike kwa mkono wako: Bwana akipenda. Pembeni ya kila ombi, andika hatua moja ambayo wewe mwenyewe unaweza kuchukua mwezi wa Januari.

3. Tafuta mtu mmoja aliyefiwa mwaka huu. Mtembelee kabla ya tarehe 31. Usiende na mahubiri. Nenda na sukari na muda.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kwa nini Mungu aliweka nafasi ya dhiraa elfu mbili kati ya watu na Sanduku? Ni mgongo wa nani ambao umekuwa ukiutazama badala ya kumtazama Bwana?

2. Ni mahali gani katika maisha yako ambapo mana imekoma? Ni mazao gani ya nchi yaliyo mbele yako sasa?

3. Kikundi chenu kinaweza kumsaidiaje ndugu ambaye hana karo mwezi wa Januari, asilazimike kwenda kwa mkopeshaji?

MAOMBI

Baba, mwaka huu umetuvusha, na wengine wetu tumevuka tukilia. Tunakushukuru kwa kila jiwe. Njia iliyo mbele hatujaipita, lakini wewe waijua. Tupe macho ya kukutazama wewe, miguu ya kukanyaga unaposema, na mikono ya kufanya kazi mana inapokoma. Walinde wavuvi wetu usiku, linda nyumba zilizo kando ya maji na kando ya mito, wafungulie wazazi njia ya karo. Utufundishe kuomba kesho, na tukifika kesho tukukute. Kwa jina la Yesu. Amina.

Tukutane kwenye kesha, wapendwa, Bwana akipenda.